Halua Iliyoungua Mbele ya Tawi

Fikirini Sadalla alizaliwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na akaishi katika kiwanja hicho hicho cha baba yake mpaka alipofikisha miaka hamsini na saba, alipoondolewa. Kazi yake ilikuwa kupika halua. Baba yake aliipika kabla yake. Nje ya mitaa yetu minne mitano hakuna aliyemjua, lakini watu wa pwani hapa mjini walikuwa hawaozeshi binti bila sinia lake, na siku ya Idd watu walisimama mlangoni kwake tangu alfajiri.

Mimi nilikuwa nakoroga naye. Nilikuwa kuli wa bandarini, na siku nisizokuwa na zamu nilikwenda kwake. Halua hukorogwa na watu wawili wanaotazamana, karai la shaba katikati, kila mmoja na mwiko wake mrefu. Ukishamimina wanga ndani ya shira ya sukari, hakuna kusimama tena mpaka halua iive, na hiyo ni saa mbili, mara nyingine tatu. Mmoja akitaka kunywa maji au kufuta jasho, mwenzake anakoroga upande wote. Tulitazamana hivyo miaka kumi na minne, na sidhani kama tulizungumza maneno mengi. Yeye hakuwa msemaji. Na mimi ni hivyo hivyo.

Mwaka sabini na sita alikuja mteja mgeni, Dokta Theophil, mtu wa Masasi, kijana bado, aliyekuwa anafundisha fizikia chuoni. Alitaka kilo mbili za halua kwa ajili ya wageni wake. Akakuta ndiyo kwanza tunakoroga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Halua bado."

"Sina haraka. Ila nina swali. Niliposimama hapa ulikuwa uji mwepesi. Sasa ni mzito. Umegeuka wakati gani?"

Fikirini akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mkewe. Katika maisha yake watu walikuwa wamemuuliza bei, na walikuwa wamemuuliza itaiva saa ngapi. Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Inategemea wanga," akasema. "Wanga ukiwa kidogo, hujui. Unakoroga, unakoroga, unakuta imeshakuwa. Ukiwa mwingi inageuka ghafla, mwiko unakamatwa. Na ikifika hapo, ongeza kuni usiongeze, haizidi kuwa moto. Inakula moto tu."

"Inakula moto?"

"Inakula. Kwa kitambo. Halafu ikishashiba ndiyo inaanza kupanda tena."

Dokta akavuta kreti tupu la soda, akakaa, akatoa daftari mfukoni. Wageni wake sijui walikula nini siku hiyo, maana alikaa mpaka tukaepua.

Tangu hapo alikuja karibu kila Ijumaa. Alitueleza kazi yake kwa Kiswahili chepesi, na mimi nitaieleza kama nilivyoielewa, kwa elimu yangu ya darasa la saba. Alisema kila kitu, meza, jiwe, mkono wa mtu, kimetengenezwa kwa chembe ndogo. Ndani ya chembe kuna kiini. Ndani ya kiini kuna vijipande vinavyoitwa protoni na nyutroni, na kila kijipande ni kama kifuko. Ndani ya kifuko mna kwaki tatu.

"Hakuna aliyewahi kuitoa kwaki moja ikakaa peke yake," alisema. "Ukiivuta, kinachoifunga kinazidi kukaza."

"Kama halua ya moto kwenye kidole," akasema Fikirini.

"Hasa, mzee! Sasa chukua vifuko hivyo uvipashe joto. Siyo joto la karai hili. Katikati ya jua kuna moto, sivyo? Basi zidisha mara laki moja. Au uvibane, uvisonge mpaka vikose nafasi. Tunadhani vifuko vinapasuka. Kwaki hazina tena kifuko cha hii wala cha ile, zinakuwa za wote, supu moja."

Seifu, fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda chake ng'ambo ya barabara, alikuwa amesimama na pampu mkononi. "Zinakuwa za wote? Basi hata kwaki zimeingia Ujamaa!"

Tulicheka sana. Dokta akacheka kuliko sisi. Akasema supu hiyo ilikuwako mwanzo kabisa wa ulimwengu, kabla sekunde moja haijatimia, na kwamba huenda mpaka leo imo katikati ya nyota fulani zilizokufa, nyota zilizosongamana hata kijiko kimoja chake kina uzito wa mlima mzima.

"Na huyo mwenye kukishika kijiko," akauliza Seifu, "anakula nini nyumbani?"

Fikirini hakuwa anacheka tena. Alikuwa anafikiri. "Wanga nao ni vifuko," akasema. "Unapoutia majini kila punje iko peke yake. Ukiusugua kwa vidole unazisikia. Zikishapasuka huzisikii tena, ni kitu kimoja."

Dokta akaandika hilo. Akasema kwamba wataalamu wenzake huko nje wanabishana juu ya jambo hilo hilo, kama vile vifuko vya protoni hupasuka vyote kwa ghafla au polepole, na kwamba huenda jibu linategemea vimesongamana kiasi gani, kama Fikirini alivyosema kuhusu wanga. Sijui kama alikuwa anamfurahisha mzee tu. Najua kwamba Fikirini alipofika ndani alimweleza mkewe Kijakazi habari hiyo neno kwa neno, na kesho yake akamweleza tena.

Halafu sukari ikapotea. Baada ya vita ya Kagera kila kitu kilipotea, sabuni, mafuta, dawa za meno, lakini sabuni ikikosekana mtu anaoga kwa maji matupu. Halua bila sukari haipo. Kwenye duka la ushirika watu walipanga mawe kwenye foleni, kila jiwe na mwenyewe, na jiwe la Fikirini lilikuwa likirudi na robo kilo au likirudi bila kitu. Robo kilo ni chai ya nyumbani. Karai aliliegemeza ukutani. Kijakazi akaanza kuchemsha mihogo na kuiuza kwenye kona ya Mtaa wa Kongo, na hiyo ndiyo waliyokula na kuvaa kwa miaka minne.

Mwaka themanini na tatu ikaja Nguvu Kazi. Kila mtu mzima mjini alitakiwa awe na kadi ya kuonyesha kazi yake, na asiye na kazi apelekwe kijijini akalime. Mimi nilikuwa na kadi ya bandarini. Fikirini alikwenda kwenye tawi letu la chama kujiandikisha, na mimi nikamsindikiza. Katibu wa tawi alikuwa ndugu Onesphory, mtu mnadhifu, shati limepigwa pasi, hasemi kwa sauti.

"Kazi yako nini, ndugu?"

"Mpika halua."

"Halua iko wapi?"

"Sukari hakuna, ndugu Katibu."

"Basi kazi hakuna."

Hakusema kwa ubaya. Aliandika hivyo hivyo alivyosikia, akampa wiki mbili alete ushahidi wa kazi nyingine. Fikirini alitoka pale akitembea katikati ya barabara, nikamvuta mkono. Alikuwa hajawahi kushika jembe. Hata kwao hapakuwa na shamba. Kwao ni hapo Sikukuu.

Mimi ndiye niliyempelekea Dokta habari. Alikuja siku ya pili yake, akakaa na Katibu saa nzima, na akatoka na mpango. Tawi lilikuwa na darasa la elimu ya watu wazima. Dokta angetoa somo pale uwanjani Jumamosi baada ya alasiri, somo la joto na mabadiliko ya vitu, na Fikirini angepika halua mbele ya watu kuwa mfano wa somo. Katibu angetoa kilo sita za sukari ya akiba. Halua ikitoka na watu wakaonja, basi Katibu atakuwa ameiona kazi kwa macho yake, na atamwandikia kadi hapo hapo: fundi msaidizi wa elimu.

"Na isipotoka?" Kijakazi akauliza.

"Mama, haijawahi kutotoka," akasema Dokta.

Na ilikuwa kweli. Haijawahi.

Dokta aliomba jambo moja tu. "Mzee, weka wanga mwingi. Nataka waone inavyogeuka ghafla. Ikigeuka polepole hawataona kitu."

Jumamosi ile watu walijaa uwanjani, zaidi ya mia mbili, maana habari ya sukari ilikuwa imezunguka. Fikirini alivaa kanzu, kisha akaivua akabaki na fulana, akampa Kijakazi hiyo kanzu. Kijakazi alikuwa ameleta samli kidogo na hiliki, vitu vilivyokaa kabatini tangu harusi ya mwisho. Katibu aliketi mbele kwenye meza, na kadi juu ya meza, na kalamu. Niliiona ile kadi. Jina lilikuwa limeshaandikwa.

"Mzee Fikirini!" Zamzam, muuza samaki, alipiga kelele kutoka nyuma. "Sisi huku nyuma tutapata au tutanusa?"

"Utalamba karai, kama kawaida yako," akajibu Seifu, na watu wakaangua kicheko.

Tuliwasha moto, tukachemsha shira. Dokta alikuwa anaeleza, na alieleza vizuri, sina cha kumlaumu katika hilo. Wanawake walioacha vikapu vya nyanya sokoni walikuwa wanamsikiliza habari za protoni. Aliwaeleza kuhusu vifuko. Aliwaeleza kwamba mwili wa kila mmoja wao umejaa kitu ambacho zamani kilikuwa supu ya moto. Tukamimina wanga, tukaanza kukoroga. Nilihisi mapema kwamba ni mwingi. Mwiko ulikuwa mzito tangu dakika ya kwanza, na Fikirini akanitazama akatikisa kichwa kidogo, maana yake: tusilegee.

Ikakaribia kushika. Dokta akachukua kipimajoto chake, cha kioo, kirefu kama penseli mbili, akakitumbukiza pembeni. Mwiko wangu ukakigusa. Akakitoa haraka.

"Simamisheni kidogo. Nisome."

"Haisimamishwi, dokta," akasema Fikirini.

"Nusu dakika tu, mzee. Hiki kikivunjika ndani kuna zebaki, ni sumu, halua yote tutamwaga. Chuo kizima tunacho kimoja."

"Dokta, ikisimama hapa..."

"Ndugu Fikirini," akasema Katibu kutoka mezani, kwa ile sauti yake ya chini. "Msikilize mtaalamu."

Fikirini akanitazama mimi juu ya karai, na mimi nikamtazama yeye. Kisha akauinua mwiko wake. Na mimi nikauinua wangu.

Dokta akatumbukiza kipimajoto, akainama, akasoma. Hapo ndipo angekitoa. Lakini aliwageukia watu, na uso wake ulikuwa na furaha kama ya mtoto.

"Njooni karibu! Zebaki haisogei. Moto unawaka, mnauona, kuni zinawaka, lakini joto halipandi! Joto limekwenda wapi?"

Watu wakasogea. Mtu mmoja akasema limepotea hewani. Dokta akasema hapana, wafikiri tena. Zamzam akasema, "Linapasua vile vifuko!" na Dokta akapiga makofi, akaita wote wampigie Zamzam makofi, wakapiga. Nami nilisimama na mwiko ukidondosha shira mguuni mwangu, nikiona ile rangi ya katikati ikibadilika.

"Dokta, inashika," akasema Fikirini.

"Bado kidogo mzee. Mwaona, huko kwenye nyota pia..."

Harufu ndiyo iliyomkatiza. Kila mtu aliyewahi kupika anaijua, sukari ikishaungua huwezi kuidanganya. Fikirini aliutia mwiko kwa nguvu zote na mimi nikautia wangu, lakini ilikuwa imeshika kwa ghafla kama alivyosema mwenyewe siku ile ya kwanza, yote, na chini kulikuwa kweusi. Tulipolazimisha, ikapasuka madonge na ule weusi ukapanda juu. Mpini wa mwiko wangu ukavunjika. Fikirini aliendelea peke yake kwa muda, watu wote wakimtazama, mzee mwenye fulana, anakoroga madonge meusi, mpaka Kijakazi akaja akamshika bega.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Zamzam, yule yule aliyepigiwa makofi. "Kilo sita! Kilo sita za sukari! Mtoto wangu anakunywa uji wa chumvi nyumbani, ninyi mnachoma sukari hapa!"

"Anasema fundi! Fundi gani huyu?"

"Miaka minne hajashika karai, keshasahau."

"Mhujumu tu huyo, mchukueni!"

Hakuna aliyemsema Dokta. Dokta ni dokta. Yeye alikuwa anakifuta kipimajoto kwa leso, polepole, anakirudisha kwenye kisanduku chake. Nilimsikia akimwambia Katibu kwamba jaribio lenyewe limefanikiwa, kipimo amekipata. Alipopita karibu na Fikirini akasema, "Pole sana mzee. Nitazungumza naye Jumatatu, watu wakishapoa."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka meza ya Katibu. Nilijua la kusema. Ni maneno machache: aliambiwa asimamishe. Nilikuwa na kadi yangu ya bandarini mfukoni, hakuna ambacho kingenipata. Lakini watu mia mbili walikuwa wanapiga kelele, na mimi tangu utoto sijawahi kusema mbele ya watu, hata harusini kwangu alinisemea kaka yangu. Nikangoja Fikirini aseme mwenyewe. Hakusema. Katibu akaichukua ile kadi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akaondoka.

Jumatatu Dokta hakuja. Alikuwa na safari ya nje, mkutano, nilikuja kuambiwa baadaye. Jumanne lori likaja asubuhi na kuchukua watu kumi na moja wa mitaa yetu, na Fikirini alikuwa mmoja wao, na kifurushi cha nguo na kanzu yake. Kijakazi aliambiwa abaki kwanza, mihogo yake ilikuwa imekubaliwa kuwa kazi. Fikirini hakushindana na mtu. Alipanda, akakaa.

Jumatano nilikwenda tawini. Nilikuwa nimejizoeza maneno njia nzima. Nikamweleza Katibu yote, wanga mwingi ulioombwa, mwiko uliosimamishwa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo na alisema msikilize mtaalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukusema Jumamosi?"

Nikaitazama kalamu yake.

"Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, ndugu. Mimi halua siijui, najuaje kama haisimami? Ungesema neno moja mbele ya wale watu, wangenyamaza. Sasa majina yameshapelekwa wilayani." Akafungua faili jingine. "Na ninyi mlikuwa wawili."

Nilimfuata Fikirini kijijini baada ya masika, njia ya Rufiji, siku nzima na nusu. Nilimkuta kwenye shamba la kijiji. Mikono ilikuwa imechubuka na kufunga sugu na kuchubuka tena, na alikuwa amekonda shingo. Tulikaa kwenye tuta. Nikampa sabuni na tumbaku kutoka kwa Seifu, na salamu za Kijakazi.

"Dokta hajambo?"

"Amerudi. Sijamwona."

"Kile kipimo. Kilisoma ngapi?"

Nikasema sijui, sikusikia.

Akasema, "Nilitaka kujua. Miaka yote ile nilikuwa nahisi mkononi kwamba inakula moto, sikujua kama ni kweli. Aliposema anasoma, nilitaka asome. Ndiyo maana niliinua." Aliutazama mkono wake. "Lakini nilidhani wewe utaendelea."

"Nilikutazama wewe," nikasema.

"Najua."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Aliinuka akachukua jembe, maana nyapara alikuwa anatuangalia, na mimi nikarudi barabarani kungoja gari.

Alikufa Novemba mwaka ule ule, kwa homa, wakamzika huko huko. Taarifa ililetwa tawini, na Katibu Onesphory akamwita Kijakazi, na Kijakazi akaniita mimi nimsomee, kwa kuwa yeye hakujua kusoma. Ilikuwa fomu yenye mistari. Jina, umri, mahali alipozaliwa, vyote walivipata sawa. Penye mstari wa kazi waliandika: Hana.

Kijakazi akaniuliza pale wameandika nini. Nikamwambia wameandika mpika halua.